Asilimia Sitini za Candide

Scarborough, Toronto
6 Machi 2016

Dada Adventina,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi, magoti yametulia na masika bado hayajaanza kukufungia ndani. Mimi naendelea. Binti yetu Abigael alipiga simu Jumapili kutoka Calgary. Amehamia kampuni ya bima, anasema kazi ni nyingi. Namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, tunaelewana. Theluji imebaki kwenye vivuli vya nyumba tu.

Ulinilaumu kwamba kwenye simu nasema “salama” mara nne kisha nakata. Ukasema barua huwezi kuikata. Basi naandika.

Uliuliza ni chombo gani wamenifungia. Ni betri. Urefu wake unanifika kifuani, unene ni shubiri moja, na imeshikizwa ukutani katika chumba cha chini ya nyumba, kando ya mashine ya kufulia. Juu ya paa kuna paneli kumi na mbili za sola. Mchana paneli zinaijaza betri. Jioni kuanzia saa kumi na moja, mji mzima unaporudi kutoka kazini na kuwasha majiko, kampuni ya umeme inavuta umeme kutoka kwenye betri yangu na kuuingiza kwenye laini ya mtaa. Wanafanya hivyo wakiwa ofisini kwao. Mimi sigusi kitu. Betri inanguruma kidogo kama friji, na namba kwenye kioo chake inaanza kushuka. Ni majaribio ya miaka mitatu, na nyumba zilizochaguliwa ni ishirini.

Ikijaa inabeba yuniti kumi na moja. Wanachukua mpaka zibaki asilimia sitini, halafu inasimama.

Unajua kwa nini niliiomba. Desemba 2013 barafu iliangusha nyaya, tukakaa siku nne bila umeme. Mashine ya oksijeni ya Candide ilizimika palepale, na mtungi wa akiba ulitosha saa sita. Wazima moto walimtoa nyumbani kwenye kiti, amefungwa mikanda, majirani wakitazama. Hospitalini alinishika mkono akaniambia nisiruhusu abebwe vile tena. Mwezi wa tatu nikajaza fomu ya majaribio haya. Orodha ilikuwa ndefu. Betri ilifika Novemba 2015. Candide, mke wangu, alikuwa ameondoka Februari.

Uliuliza pia kama tuliwahi kuanua tanga lake. Watu walikaa nami Jumamosi na Jumapili. Jumatatu walikwenda kazini.

Mdogo wako,
Methodius


Bukoba
24 Aprili 2016

Meto, mdogo wangu,

Barua yako imetembea wiki tano na imefika bahasha ikiwa imelowa pembe moja. Magoti uliyoyasalimia hayajatulia, lakini nayatumia hivyohivyo. Migomba ya nyuma imezaa vizuri mwaka huu. Zachariah, yule fundi wa redio wa hapa jirani, ameoa tena, na mke huyu anamwamkia asubuhi kwa matusi ambayo mtaa mzima umeshayakariri.

Nilimweleza Zachariah kwamba ndugu yangu anawapa Wakanada umeme. Akafikiri kidogo.

“Ma Adventina, mwombe atutumie hata yuniti tano kwa simu. Mita yangu ya LUKU inasoma sifuri.”

“Zikifika zitakuwa zimeganda.”

“Tutaziyeyusha juani,” akasema. “Mradi zifike.”

Sasa nisikilize. Nilikuwa karani wa mita kwa miaka ishirini na miwili, na namba hainipiti hivihivi. Asilimia sitini za yuniti kumi na moja ni yuniti sita na nusu na kidogo. Wewe ni mtu mmoja, una taa mbili na birika. Sita na nusu unazilinda kwa ajili ya nini? Umeniandikia kila kitu mpaka unene wa betri, ila hapo ukapita upesi. Hizo sitini ni za nani?

Chumba cha upande wa barabara nimekipaka chokaa. Kitanda cha mninga cha baba nimekihamishia humo, nimenunua godoro na chandarua. Hakuna mwingine wa kukilalia. Njoo.

Dada yako,
Adventina


Scarborough, Toronto
3 Julai 2016

Dada,

Salamu kutoka kwenye joto. Wiki hii tumefika nyuzi thelathini na nne, na watu wanawasha viyoyozi mchana kutwa. Abigael ameniambia niuze nyumba nihamie Calgary kwenye nyumba za wazee. Nimesema nitafikiri. Chokaa umefanya vizuri kupaka, ukuta ule ulikuwa na madoa tangu enzi za mama.

Umeuliza, najibu. Fomu ya 2014 ilikuwa na swali kama nyumbani kuna mgonjwa anayetegemea mashine. Niliweka alama ya ndiyo. Ilikuwa kweli. Kwa nyumba ya namna hiyo kampuni haigusi sitini za mwisho, ili umeme wa mtaa ukikatika mgonjwa awe na akiba. Nyumba nyingine zote wanashuka mpaka ishirini.

Siku ya kufunga betri alikuja fundi anaitwa Derek. Akasoma karatasi yake, akasema, “Na hizi sitini ni za mkeo.” Mimi nilikuwa nimemshikia ngazi. Nikaendelea kuishika. Akaendelea kufunga.

Nilipiga hesabu. Kwa sitini hizo mashine ya Candide ingekwenda kwa saa kumi na tisa.

Kuna na jambo jingine, nalitaja ili usije ukasema nimelipita upesi. Nyumba yenye mgonjwa hupigiwa simu kabla umeme haujakatwa kwa matengenezo. Alhamisi alipiga mama mmoja wa kampuni. Sauti yake ni ya utulivu. Akauliza kama anaweza kuzungumza na Candide. Nikamjibu kwa Kiingereza: amepumzika. Akasema basi asimsumbue, nimfikishie salamu zake. Kwa lugha yao ni mtu aliyejilaza mchana. Kwa lugha yetu sikusema uongo.

Ilikuwa simu pekee niliyopokea wiki ile. Na hapa mjini, ukiacha padri siku ya misa ya mwaka, hakuna mtu mwingine anayelitaja jina lake.

Methodius


Bukoba
21 Agosti 2016

Meto,

Nakusalimu, ingawa nimekasirika. Habari za hapa ni nzuri. Kahawa imevunwa, nimekuwekea mfuko wa ile ya kutafuna. Mke wa Zachariah ameondoka na redio tatu za wateja.

Usijifiche nyuma ya Kiswahili. Mimi ndiye niliyekufundisha kukisoma, chini ya meza ya jikoni, nikikufinya kila ulipokosea. Ulijua yule mama atasikia nini, na ukachagua neno kwa ajili hiyo. Huo ni uongo hata ukiuvalisha kanzu.

Halafu kuna upande wa kikarani. Ofisini kwetu tulikuwa na orodha ya sehemu zisizokatwa umeme: wodi, chumba cha maiti, kisima cha mji. Orodha kama hiyo ina maana pale tu kila jina lina mtu. Jina lililobaki bila mtu linakalia nafasi ya mwingine, na wewe humjui huyo mwingine ni nani. Ondoa jina la Candide.

Najua kwa nini huwezi. Siku ya kuanua tanga watu huketi uani, nguo za marehemu hugawanywa, majivu ya moto wa msiba huzolewa, na mmoja wa nyumba husimama akasema mbele ya wote kwamba fulani hayupo. Baada ya hapo kila mtu anakwenda shambani kwake. Wewe hujasimama mbele ya mtu yeyote ukasema. Njoo Desemba tuanue tanga hapa. Senene watakuwa wameanza, na chumba kinakungoja.

Dada yako,
Adventina


Scarborough, Toronto
2 Oktoba 2016

Dada Adventina,

Barua yako ya Agosti ilifika wiki iliyopita, lakini siijibu leo. Naandika juu ya tetemeko la mwezi uliopita huko kwenu.

Niliona picha za nyumba zilizoanguka Hamugembe siku ya pili yake. Nikakupigia mara kumi na moja. Ulipopokea ulisema “salama”, ukasema mtandao mbaya, ukakata. Ndicho unachonilaumu mimi.

Basi nakuuliza kwa maandishi. Uliumia? Ukuta wa upande wa barabara umesimama? Paa je? Unalala wapi? Unapika wapi? Nijibu moja baada ya jingine.

Majani yameanza kuwa mekundu. Betri inafanya kazi.

Methodius


Scarborough, Toronto
15 Januari 2017

Dada,

Heri ya mwaka mpya. Miezi mitatu na nusu sijapata jibu. Kwenye simu ya Krismasi tulizungumza dakika mbili, ukaniuliza kuhusu baridi, nikakueleza kuhusu baridi.

Desemba sikuja. Tiketi niliiangalia tu. Ulikuwa hujaniambia tena nije.

Fomu ya mwaka imefika kutoka kampuni. Ni ukurasa mmoja: je, mgonjwa aliyetajwa bado anaishi katika nyumba hii na bado anatumia mashine? Niliiweka mezani siku nane. Halafu nikaweka alama ya ndiyo na kuirudisha. Nakwambia kwa sababu uliniambia nisijifiche.

Methodius


Bukoba, kwa kupitia parokia
5 Machi 2017

Meto,

Amani iwe kwako. Kuanzia sasa tuma barua kwa anwani ya parokia, sanduku letu la posta lina matatizo. Padri Almas ni kijana mwaminifu, hasomi bahasha za watu.

Mimi sikuumia. Nyufa zipo, kila mtu hapa ana nyufa. Mvua za vuli zilichelewa. Senene walikuwa wachache, labda nao walitishika. Zachariah amehamia Muleba kwa kaka yake, hivyo hatuna tena wa kutengeneza redio, na mtaa umepoa. Nimeanza kuimba kwaya ya wazee. Tuko kumi na wawili na sauti tatu.

Fomu uliyoijaza sikusifii. Umri wako ni mkubwa, fanya unavyoona.

Uvae vizuri, baridi isikuingie kifuani.

Dada yako,
Adventina


Scarborough, Toronto
9 Julai 2017

Dada Adventina,

Salamu kwako na kwa kwaya yenye sauti tatu. Mimi ni mzima. Abigael alikuja siku nne mwezi wa tano, akasafisha friji, akarudi Calgary.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Nilikuuliza mambo matano, umejibu moja. Na ni barua yako ya kwanza tangu nimefika nchi hii ambayo haikuniambia nije. Zamani neno hilo lilikuwa linanichosha. Sasa nimeona pengo lake.

Sitaki kukulazimisha kusema. Nakueleza tu ya kwangu.

Jumanne sikusema neno na mtu mpaka saa nane mchana, nilipomwambia dereva wa basi asante. Nilikuwa natoka kununua unga wa ugali kwa Mkongo wa barabara ya Eglinton. Jioni huwa nashuka chini kukaa na betri. Nina kiti pale. Saa kumi na moja inaanza kunguruma, namba inatoka mia, inakwenda tisini, themanini. Derek aliniambia umeme hauendi mbali, unaishia kwenye nyumba za karibu zinazouhitaji saa hiyo. Kwa hiyo kuna jirani anakaanga samaki kwa jua lililoangukia paa langu, na hanijui. Ikifika sitini inanyamaza. Mimi napanda juu.

Yule mama mwenye sauti ya utulivu ameacha kazi, au wamempunguza. Sasa inapiga mashine. Inasema, kama mgonjwa yuko salama bonyeza moja, kama anahitaji msaada bonyeza mbili.

Nilibonyeza moja.

Methodius


Scarborough, Toronto
13 Mei 2018

Dada Adventina,

Mwaka wa tatu sasa nahesabu uzee wako na wangu kwa barua, na huu umepita bila hata moja yako. Simu zako za “salama” nimezipokea. Hii naandika hata kama hutajibu, maana jambo limetokea na wewe uliniambia mapema.

Ijumaa ya tarehe nne alasiri upepo mkali ulipita hapa. Uliangusha miti mikubwa juu ya nyaya, na mtaa wetu wote ukazimika. Kwangu taa haikutikisika. Betri ilijitenga na laini ya mtaa na kuishika nyumba peke yake. Nilikuwa na mwanga, friji, na birika. Nilipochungulia dirishani ilikuwa nyumba yangu tu.

Jumamosi saa tatu asubuhi mtu aligonga mlango. Nikafungua nikasema “karibu”, kwa mazoea tu, kwa kuwa nilikuwa nawaza mambo yangu. Alikuwa msichana wa miaka kama ishirini na minane, koti la kampuni, mtungi wa oksijeni begani. Akacheka.

“Kumbe wewe ni mtu wa nyumbani. Mimi naitwa Chelagat, wa Kericho.”

“Bukoba,” nikasema.

“Ni sawa, tutasikizana tu. Mzee, niko haraka kidogo. Nimetumwa kuangalia wagonjwa. Mama yuko wapi?”

Dada, neno lilitoka lenyewe, kama lilivyozoea.

“Amepumzika.”

Aliisimamisha kalamu. Akautazama uso wangu, akatazama na sebule nyuma yangu, kiti kimoja kimevutwa mezani.

“Amelala, ama amepumzika?”

Kwa Kiingereza swali hilo haliwezi kuulizwa. Sikuwa na pa kwenda.

“Amepumzika,” nikasema.

“Lini?”

“Februari, 2015.”

Akateremsha mtungi chini. “Pole sana, mzee.” Kisha akaangalia karatasi yake tena. “Lakini hapa nimeandikiwa yuko.”

“Najua.”

“Hata Januari mumesema yuko.”

“Mimi ndiye niliyesema.”

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema hawezi kuliondoa jina yeye, lazima aliyejaza fomu aandike mwenyewe. Akanipa fomu kutoka kwenye faili lake. Halafu akauinua mtungi.

“Wacha nikimbie. Kuna mwingine hapo mtaa wa nyuma. Nilianza na wewe juu ya vile mulijiandikisha kabla yao.”

Nilisimama mlangoni nikaliona gari lake likikunja kona. Baada ya dakika kama kumi ambulansi ikapita, ikakunja kona ileile.

Jumatatu umeme uliporudi nilitembea mpaka huko. Sikuhitaji kuuliza nyumba, alama za magurudumu zilikuwa bado kwenye majani. Alifungua mwanamume wa makamo, nikajua baadaye kwamba anaitwa Rizwan. Ni Waismailia, walihamia hapa kutoka Moshi. Mama yake, Bi Sultana, ana miaka themanini na moja. Mtungi wao wa akiba uliisha asubuhi ile, na Chelagat alimkuta midomo imebadilika rangi. Hospitali ilikuwa inamrudisha Jumatano.

“Wewe ni nani vile?” Rizwan akaniuliza.

“Jirani. Mtaa wa mbele.”

“Ile nyumba iliyokuwa na taa?”

“Ndiyo hiyo.”

“Bahati yako,” akasema, na hakuwa na ubaya wowote. Akanishukuru kwa kuja kuwajulia hali.

Bi Sultana amerudi nyumbani salama. Naliandika hilo wazi usije ukabaki na wasiwasi. Lakini mtungi ulikuwa kwenye mlango wangu wakati yeye anauhitaji, na mlangoni kwangu palikuwa na mazungumzo juu ya neno.

Fomu iko mezani. Sijaijaza.

Methodius


Bukoba, kwa kupitia parokia
17 Juni 2018

Meto, mdogo wangu,

Padri Almas ameniletea barua yako mwenyewe, kwa pikipiki, kwa sababu ilikuwa nzito akadhani ni nyaraka. Salamu zote nakurudishia. Kwaya imebaki na watu tisa.

Nitajibu maswali yako ya Oktoba 2016, moja baada ya jingine kama ulivyotaka.

Ukuta wa upande wa barabara haukusimama. Uliangukia ndani. Chumba chako ndicho kilichotangulia, na kitanda cha baba kilikuwa chini yake. Paa lilikaa wiki moja kisha vijana wakalishusha kabla halijaua mtu. Nalala kwenye jiko la uani. Tumelizungushia mabati na lina mlango. Napika humohumo. Sanduku la posta halina tatizo lolote, nilitaka tu barua zifikie kwa watu watakaonitafuta nilipo.

Kwa nini sikusema? Miaka mingi nilikuwa na kitu kimoja cha kukuambia, kwamba kuna chumba. Kilipoanguka sikujua nikuambie nini. Ningesema njoo, ungeuliza utalala wapi. Ningesema usije, usingekuja. Nikaona afadhali nikae kimya, nawe udhani kipo. Nilikukemea kwa ajili ya fomu yako, na mimi nilikuwa nakuandikia nikiwa jikoni.

Huyo msichana wa Kericho amekusaidia zaidi ya mimi na barua zangu. Jaza fomu. Usingoje tanga la huku, uani kwangu sasa ni matofali matupu. Ukishajaza niambie tarehe, nitamwomba Padri amtaje Candide misa ya asubuhi. Nitasimama mimi.

Dada yako,
Adventina


Scarborough, Toronto
29 Julai 2018

Dada Adventina,

Nakusalimu huko jikoni uliko. Nimempigia Abigael nikamweleza habari ya nyumba ya Bukoba. Akasema “pole, Daddy” kwa Kiswahili, yaani nusu. Ni neno la kwanza la Kiswahili nimelisikia kwake tangu mazishi.

Nimekata tiketi. Nafika Bukoba tarehe 11 Desemba kwa ndege ya Mwanza. Usijenge chumba kabla sijafika na usiazime kitanda. Nimelala kwenye kiti mara nyingi chini ya nyumba hii, jiko lenye mlango linatosha. Nikifika tutaona matofali yapi bado ni mazima. Kuhusu kurudi kwangu huku baadaye sijaamua, na sitasema nimeamua.

Bi Sultana nilimpelekea ndizi za kupika kutoka duka la Mkongo. Anaongea Kiswahili cha Moshi cha zamani, safi kuliko changu. Aliniuliza kama nina mke. Rizwan alikuwa anamimina chai. Nikasema nilikuwa naye, alifariki. Nilimweleza na habari ya mtungi, kwa nini ulianzia kwangu. Alinitazama muda mrefu. Akasema, “Kunywa chai yako.” Sijui kama amenisamehe. Hakusema, na sikuuliza.

Fomu niliipeleka ofisini kwao mwenyewe tarehe 24, siku ya Jumanne, kwa mabasi mawili. Mwombe Padri aitaje tarehe hiyo atakapomtaja Candide. Siku iliyofuata walibadilisha namba kutoka huko kwao. Nilikuwa nimekaa chini saa kumi na moja ilipoanza. Ilifika sitini, haikusimama. Ikasoma hamsini na tisa. Niliinuka kwenye kiti bila kujua nainukia nini. Ikaendelea kushuka mpaka saa mbili kasoro robo, ikafika ishirini, ikanyamaza. Mtaani watu walikuwa wanapika. Nikapanda juu nikawasha jiko.

Umeniambia nisipite upesi, basi nakueleza fomu yenyewe. Ina sehemu tatu. Ya kwanza, jina la mgonjwa. Niliandika Candide na ukoo wake kwa ukamilifu. Ya pili, sababu ya kuondolewa kwenye orodha. Wameacha mstari mfupi, neno moja linatosha. Nilitumia neno la Kiingereza lisilo na maana mbili, na nikaweka tarehe, 19 Februari 2015. Mpaka hapo sikukwama.

Ya tatu sikuitegemea. Wanauliza idadi ya watu wanaoishi katika nyumba. Karani alikuwa ananingoja, na nyuma yangu kulikuwa na foleni. Niliandika mbili. Nikaikata. Nikaandika moja.

Mdogo wako,
Methodius